Mume aliyerudi si yule aliyeondoka

Msomaji mpenzi, barua ninayotaka tuisome pamoja leo imetoka Nyamira. Aliyeiandika ni mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto watatu, na ameniomba nisitaje jina lake wala kijiji chake. Nimelitii ombi hilo. Hata hivyo nina hakika kwamba wengi wenu mtamtambua, kwa maana mwanamke kama yeye hakosi katika ukoo wowote. Huenda ni shemeji yako, huenda ni dada yako, huenda ni mama yako mzazi.

Anasema kwamba mumewe alikuwa karani katika kituo cha kununulia majani chai. Alikuwa mtu mpole, mcheshi, na mwenye kuweka hesabu zake sawa mpaka senti ya mwisho. Jioni moja alipanda bodaboda kutoka Keroka, kichwa wazi, na barabara ilikuwa na utelezi wa mvua. Alipookotwa kando ya lami alikuwa hajitambui. Alikaa hospitalini majuma saba, mawili kati ya hayo katika chumba cha wagonjwa mahututi. Ng'ombe wawili waliuzwa, michango ikafanywa kanisani na shuleni, na siku aliporudi nyumbani akitembea kwa miguu yake mwenyewe, majirani waliimba na kumshukuru Mungu.

Hiyo ni miezi kumi na mmoja iliyopita.

"Tangu siku hiyo," anaandika Mwalimu, "kila mtu hunipongeza kwamba mume wangu amepona. Ni mimi peke yangu ninayejua kwamba aliyerudi si yule aliyeondoka. Huniuliza jambo moja mara kumi kabla ya chakula cha mchana. Mboga ikichelewa, hurusha sahani. Fedha za bonasi ya majani chai alizigawa kwa watu ambao hata hawezi kuwataja. Siku nyingine huketi chini ya mparachichi kutoka asubuhi mpaka nitakapomwambia aingie ndani. Mama mkwe asema nimemgeuza mwanawe kuwa mtoto. Shemeji yangu hupiga simu kutoka Nairobi kuniambia kwamba ndugu yake ni mzima, ila amezoea kukaa bure. Sasa nikuulize wewe: je, ni dhambi kumlilia mume wangu ilhali amelala chumba cha pili?"

Swali hilo la mwisho ndilo lililonifanya niiweke kando ile mada niliyokuwa nimekuahidi kwa Jumapili ya leo. Nami nitalijibu kwanza kabla ya mengine yote. La, Mwalimu, si dhambi. Umepoteza kitu cha kweli, na aliyepoteza hulia. Kinachokuumiza zaidi ni kwamba hakuna matanga yaliyofanywa, hakuna aliyekuja kukaa nawe usiku, na hakuna anayekuambia pole. Badala yake unapewa hongera. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Pauline Boss, ambaye alianza utafiti wake katika miaka ya 1970 na familia za askari waliopotea vitani Vietnam, ameandika mengi kuhusu msiba wa namna hii. Anaeleza kwamba kuna kupoteza ambako mtu yupo kwa mwili lakini yule uliyemjua hayupo, na kwamba huzuni yake ni nzito kwa sababu haina mwisho unaoonekana. Mwalimu, ulilonalo linajulikana, na halijakupata wewe peke yako.

Baada ya hilo, msomaji, natuelewe kilichompata huyu bwana, kwa sababu nusu ya ugomvi katika nyumba kama hiyo hutokana na kutoelewa.

KILICHOTOKEA NDANI YA FUVU

Ubongo ni laini mno na umewekwa ndani ya fuvu lililo gumu. Pikipiki inapogonga na kichwa kusimama kwa ghafula, ubongo wenyewe hausimami. Huendelea kwenda mbele, ukajipiga kwenye mfupa, kisha ukarudi nyuma. Nyuzinyuzi zinazopeleka habari kutoka sehemu moja ya ubongo hadi nyingine huvutwa na nyingine hukatika. Damu huweza kuvuja, na ubongo ukafura mahali ambapo hapana nafasi ya kufura.

Sehemu zinazoumia sana aghalabu ni ile iliyo nyuma ya paji la uso, na zile za kandokando karibu na masikio. Hizi za kando zina kazi kubwa katika kumbukumbu. Ile ya mbele ndiyo humwambia mtu "ngoja kwanza" anapotaka kutukana, ndiyo humfanya aamke na kuanza kazi bila kutumwa, na ndiyo hupima kama jambo ni la busara au ni la kipumbavu. Sasa rudi kwenye barua ya Mwalimu uitazame tena. Kuuliza jambo moja mara kumi, kurusha sahani, kugawa fedha, kuketi chini ya mti siku nzima: yote manne yana mahali pake ndani ya kichwa. Wanaomwita mvivu hawajui kwamba ile sehemu ya kumwamsha mtu aanze kazi ndiyo iliyoumia.

Na kuna jambo la tano ambalo ni gumu kuliko hayo. Ubongo ulioumia mara nyingi hauwezi kujiona kwamba umeumia. Ukimwambia mgonjwa wako kwamba amebadilika, atakukana kwa moyo wote, na hatakuwa anasema uongo. Anakueleza anavyojiona.

Mwaka 1974 madaktari wawili wa Glasgow, Graham Teasdale na Bryan Jennett, walitoa kipimo ambacho hutumiwa mpaka leo katika hospitali za kila pembe ya dunia. Hutazamwa jinsi mgonjwa anavyofungua macho, anavyosema na anavyosogeza viungo, kisha hupewa alama kutoka 3 hadi 15. Aliye na alama 8 au chini ya hapo huhesabiwa kuwa ameumia vibaya. Kama mgonjwa wako alikuwa katika kundi hilo, usikubali mtu akuambie kwamba miezi sita yatosha. Ni kweli kwamba maendeleo ya haraka huonekana katika miezi sita ya kwanza. Baadaye mwendo huwa wa kobe, lakini hausimami; wako wanaoendelea kujifunza na kuzoea hata baada ya miaka miwili, mitatu na zaidi. Wengi hawarudii kuwa walivyokuwa kabisa. Nakwambia haya waziwazi, kwa sababu matumaini ya uongo yamewavunja watu wengi moyo.

MFUPA NA MTU

Abagusii si wageni wa majeraha ya kichwa. Tangu zamani walikuwa na wapasuaji wao wa fuvu. Mmoja huitwa omobari. Mtu aliyepigwa kichwani kisha akasumbuliwa na maumivu yasiyoisha alipelekwa kwake, ngozi ikapasuliwa na mfupa ukakwanguliwa taratibu kwa kifaa cha chuma. Madaktari wa kizungu waliandika juu ya kazi hiyo katika miaka ya 1950 na 1960, wakistaajabu jinsi wengi waliopasuliwa walivyoishi. Simtumi mtu huko leo. Hospitali ziko, dawa za usingizi ziko, na mashine za kupiga picha ndani ya kichwa ziko. Ninachotaka ulione ni kwamba omobari wa jana na daktari bingwa wa leo kazi yao inafanana: hushughulikia fuvu na kilicho ndani yake, wakamwokoa mtu asife. Kisha huondoka. Kazi inayobaki, ya kumrudisha mtu miongoni mwa watu, hufanywa na walio nyumbani.

Kuna kisa mashuhuri kinachotuonyesha kazi hiyo. Tarehe 13 Septemba 1848, katika jimbo la Vermont huko Marekani, kijana wa miaka 25 aitwaye Phineas Gage alikuwa msimamizi wa vibarua waliokuwa wakilipua miamba ili kupitisha reli. Baruti ililipuka kabla ya wakati, na mtaimbo wa chuma wenye urefu uliozidi mita moja na uzani wa kilo sita ukapenya chini ya shavu lake la kushoto na kutokea utosini. Hakufa. Lakini daktari wake, John Harlow, aliandika kwamba kijana aliyekuwa mwenye busara na heshima aligeuka kuwa mtukanaji, mwenye papara, asiyeweza kushika mpango wowote. Waliomwajiri awali hawakumrudisha kwenye cheo chake. Marafiki walisema huyu si yule.

Vitabu vingi huishia hapo. Lakini Gage aliishi miaka kumi na moja na zaidi baada ya ajali, na mwaka 1852 alikwenda nchi ya Chile alikofanya kazi kwa miaka kadhaa ya kuendesha magari ya abiria yaliyovutwa na farasi. Hebu fikiria kazi hiyo: kuamka saa ile ile, kuwalisha farasi wale wale, kupita njia ile ile, kusema na abiria kwa adabu. Watu waliochunguza maisha yake katika miaka ya karibuni wanaamini kwamba mpango huo usiobadilika ndio uliomsaidia kurudi kuwa mtu wa watu. Alifariki mwaka 1860 baada ya kushikwa na kifafa, jambo ambalo nitalirudia.

Mwalimu, hapo ndipo ninapokuonea wivu kidogo. Wewe ni mwalimu. Ratiba ni kazi yako.

YA KUFANYA KILA SIKU

Andika ratiba ya siku kwa herufi kubwa uibandike ukutani: kuamka, kuoga, chai, kukata nyasi za ng'ombe, kupumzika, chakula, matembezi, kulala. Usiibadilishe ovyo. Mpe daftari dogo la mfukoni aandike anayoambiwa, na anapokuuliza mara ya nne, usimwambie "nimekwisha kukujibu." Mwambie, "Hebu tutazame daftari." Ufunguo, simu na dawa viwe na mahali pamoja pasipobadilika.

Mwambie jambo moja kwa wakati mmoja, kwa sentensi fupi. Usimwambie, "Nenda dukani ununue sukari, upitie kwa fundi, halafu umwambie mama aje." Hayo ni matatu, na njiani atayapoteza yote. Zima redio unapozungumza naye. Kelele na watu wengi humchosha haraka, na uchovu wa ubongo ulioumia haufanani na uchovu wako na wangu. Baada ya mazungumzo ya nusu saa anaweza kuwa amechoka kama mtu aliyelima tangu alfajiri. Mwache alale. Ukiona hasira imeanza kupanda jioni, jiulize kama alipumzika mchana.

Kwa yule anayeketi chini ya mti, dawa si kumgombeza wala kumfanyia kila kitu. Anza naye. Mpe kikapu, chukua chako, mwambie, "Baba watoto, twende tuchume majani mistari miwili." Mikono inayokumbuka kuchuma chai yaweza kuamka kabla ya kichwa. Mstari mmoja leo, miwili juma lijalo. Na akishamaliza, msifu kama mtu mzima anavyosifiwa, si kama mtoto wa chekechea. Mama mkwe ana haki katika hilo moja: mgonjwa huyu si mtoto. Ushauri wake uombe, hata kama uamuzi utaufanya wewe. Msahihishe mkiwa faraghani, kamwe usimsahihishe mbele ya wageni au watoto wake.

Fedha na shamba ni jambo la kulindwa mapema. Zungumza na wazee wa ukoo na chama chenu cha akiba kabla ya bonasi nyingine kuja, mkubaliane jinsi itakavyopokewa na kutumiwa, naye bwana aketi katika kikao hicho. Mwachie kiasi kidogo cha mfukoni, kwa maana mwanamume asiye na shilingi mfukoni hujiona amekwisha. Kuhusu ardhi, jua kwamba Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 hairuhusu mali ya ndoa ya mume na mke mmoja kuuzwa bila idhini ya wote wawili. Watu wenye tamaa huwanusa wagonjwa kama hawa kutoka mbali.

Pikipiki, gari na panga la kupasulia kuni vingoje mpaka daktari aseme. Pombe ya aina yoyote, ya kiwandani au ya kienyeji, usiiruhusu. Kichwa kilichoumia hakiihimili, na huita kifafa. Nilimtaja Gage kwa sababu hiyo: kifafa chaweza kumwanza mtu miezi mingi au hata miaka baada ya ajali. Kama amepewa vidonge vya kukizuia, asiviache kwa sababu "siku hizi yuko sawa." Viachwe tu kwa amri ya daktari. Akianguka, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu vilivyo karibu, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, na hesabu dakika. Zikipita tano bila kukoma, tafuta gari.

Dalili nyingine za kumkimbiza hospitalini bila kungoja asubuhi ni hizi: maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika, usingizi usio wa kawaida, mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine, udhaifu wa upande mmoja, au maji maangavu kutoka puani au masikioni. Damu yaweza kujikusanya polepole ndani ya fuvu na kuleta balaa majuma kadhaa baada ya ajali.

Usiache kliniki. Uliza katika hospitali ya rufaa, iwe Nyamira au Kisii, kuhusu tiba ya viungo na wataalamu wanaomfundisha mgonjwa upya kazi za kila siku kama kuvaa na kupika. Hakikisha michango ya SHA, iliyochukua mahali pa NHIF mnamo Oktoba 2024, haijakatika. Na kama daktari ameona kwamba ulemavu utadumu, mwombe utaratibu wa kupimwa ili mumeo aandikishwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Wengine huona haya kufanya hivyo. Hujafa hujaumbika, haya hailipi karo.

HASIRA NA USALAMA

Hasira za mgonjwa huyu hupanda kama moto wa nyasi na huzimika upesi, na mara nyingi yeye mwenyewe husahau kwamba alikasirika. Usishindane naye wakati huo. Punguza sauti, badilisha mada, toka nje kidogo, rudi baada ya robo saa. Ukiandika kwa majuma mawili saa na mahali hasira ilipoanza, utaona kwamba ina sababu zake: njaa, kelele, uchovu, au swali alilolishindwa mbele za watu.

Lakini nisikike vizuri hapa. Kuelewa sababu ya kipigo hakumaanishi kukipokea. Akikuinulia mkono wewe au watoto, ondokeni, mwende kwa jirani au kwa ndugu, na jambo hilo aambiwe daktari, kwa kuwa kuna dawa na kuna ushauri. Mke anayejiokoa hajamsaliti mgonjwa wake. Watoto nao waambiwe ukweli kwa lugha yao: "Baba aliumia mahali panapotuliza hasira. Hawachukii. Si nyinyi mliomkosea." Mtoto asiyeambiwa hivyo atajitafutia kosa mwenyewe.

Kuna watakaokuja na maelezo mengine, kwamba bwana amerogwa na kwamba yuko mzee fulani anayejua. Wapigie breki mlangoni. Oktoba 2021, huko Marani katika kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa tuhuma za uchawi. Maneno yaanzayo kama faraja huweza kuishia huko. Wewe unajua kilichompata mumeo: lami, utelezi na kichwa kisicho na helmeti.

SASA WEWE ULIYE MJINI

Mpaka hapa nimesema na Mwalimu. Sasa nageuka kwako, msomaji wa Umoja, wa Kawangware, wa Nakuru, na wewe mwanafunzi uliye chuoni, kwa sababu barua hii inakuhusu pia. Yule shemeji anayepiga simu kutoka Nairobi si mtu mbaya. Alichanga alipoombwa, alilala kwenye kiti cha hospitali siku tatu, akarudi kazini. Anapopiga simu, ndugu yake humjibu vizuri kwa dakika tano, humtania hata, na yeye akaamini kwamba mambo ni shwari. Wagonjwa wengi wa namna hii huweza kujikaza kwa dakika tano. Dakika zinazobaki za siku hiyo humalizwa na mke wake. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Ukitaka kujua uzito wake, usipige simu. Panda matatu ya kwenda nyumbani ukae juma zima. Usikae kama mgeni wa kuchinjiwa kuku. Mwambie shemeji yako, "Juma hili mimi ndimi nitakayeamka naye usiku, wewe nenda kwenu ukawaone wazazi, au ulale tu." Baada ya siku ya tatu, nakuhakikishia, hutatamka tena neno "uvivu." Ikiwa mko ndugu wanne, kila mmoja akichukua juma moja baada ya kila miezi mitatu, Mwalimu atapata juma moja la kupumua kila baada ya majuma matatu hivi. Hakuna hospitali itakayompa hilo.

Mwanafunzi, likizo inakuja. Baba yako atakuuliza unasoma nini, na kesho atakuuliza tena. Mjibu kama mara ya kwanza. Tembea naye mpaka mtoni na kurudi. Usimwepuke kwa sababu huyu wa sasa hafanani na yule aliyekufundisha kuendesha baiskeli, kwa maana upweke huwarudisha nyuma wagonjwa hawa. Marafiki huja kwa wingi mwezi wa kwanza, wakapungua mwezi wa tatu, na kufikia mwaka mmoja mlango haugongwi tena.

Na mkiwa njiani kurudi, vaeni helmeti. Uchunguzi uliokusanya matokeo ya tafiti nyingi ulionyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa mwendesha pikipiki kwa takriban asilimia 42 na hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Sheria yetu ya trafiki inaitaka kwa mwendeshaji na kwa abiria. Ukiambiwa kwamba helmeti ya abiria imesahaulika nyumbani, ngoja pikipiki nyingine. Karani wa chai alikuwa na haraka ya kufika kabla ya giza.

NENO LA MWISHO KWA MWALIMU

Umeniandikia kwamba umewaza kurudi kwa wazazi wako. Sitakuambia ubaki wala uondoke. Silali katika nyumba yako. Nakuomba tu usifanye uamuzi huo ukiwa umechoka. Tafuta kwanza usingizi wa majuma machache, kwa kuwaita hao ndugu niliowasema. Tafuta mtu mmoja, awe mwalimu mwenzio au mama wa kanisa, unayeweza kumwambia ukweli bila kupamba. Ukijiona huli, hulali, na huoni sababu ya kuamka, nenda wewe mwenyewe ukamwone daktari, kwa kuwa mwuguzi naye huugua.

Kuhusu ndoa yenyewe, wake na waume waliopita njia hii husimulia kwamba jambo gumu zaidi lilikuwa kuacha kumngojea yule wa zamani. Wakati mnaomngojea yule asiyekuja, huyu aliyekuja huketi chini ya mparachichi, naye anajua kwamba anapimwa na mtu mwingine na kwamba hamfikii. Mlilie wa kwanza, ukipenda kila siku. Kisha, siku utakayoweza, chukua viti viwili ukaketi karibu na huyu wa pili, umwulize anapenda nini. Huenda hapendi tena chai yenye sukari nyingi. Huenda amependa nyimbo ambazo hakuzijali zamani. Humjui bado, naye hajijui. Mnaweza kujifunza pamoja, au mkagundua kwamba haiwezekani. Lakini mtakuwa mmemtazama aliyepo.

Umemaliza barua yako kwa kusema kwamba juzi, bila kutumwa, alikuletea mwavuli shuleni kwa sababu mvua ilikuwa imeanza. Umeliandika hilo pembeni mwa karatasi, kwa kalamu tofauti, kana kwamba ulitaka kulisahau ukashindwa. Mimi nimelisoma mara nyingi kuliko mengine yote. Mtu aliyeambiwa hawezi kuanza jambo aliiona mvua, akakukumbuka, akatafuta mwavuli, akashika njia. Liandike katika lile daftari lake, pamoja na tarehe, mlisome wote wawili.

Msomaji, kama nyumbani kwenu kuna mgonjwa kama huyu, niandikie unieleze lililokusaidia. Nitampelekea Mwalimu. Hadi Jumapili ijayo, kaa salama, na umtafute yule ambaye hujabisha mlangoni pake siku nyingi.